Mbalamwezi Ambayo Haikumgusa Kaka

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, niligundua kitu. Sijui niseme vipi bila kujisifu, kwa hiyo nitajisifu kidogo: nilikigundua mwenyewe, nikiwa juu ya mkeka, Jumamosi mchana, na kwa saa kama moja hivi nilikuwa mtu pekee Kigoma nzima anayekijua. Darasani mimi ni yule anayelijua jibu na hanyooshi mkono. Mwalimu akinitaja, sauti inaishia kooni. Ndiyo maana naandika. Nina madaftari manne ya kumbukumbu, nayaficha chini ya godoro, na humo ndimo ninamoongea.

Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa Kibirizi. Ana miaka ishirini na nne, na ana ugonjwa ambao daktari aliuita skizofrenia. Ulimwanza miaka mitatu iliyopita. Alianza kusikia watu wanamsema, watu ambao sisi hatuwasikii, akaacha kulala, akaacha kula chakula cha mama kwa kudhani kina kitu ndani. Alipopewa vidonge alirudi. Sisemi alipona, nasema alirudi. Alinenepa kidogo, na mikono ikawa inatetemeka akishika kikombe, lakini alikuwa yeye, na utani wake wote. Akapata nafasi kwenye boti ya mama mmoja mfanyabiashara wa Ujiji, ambaye wavuvi wanamwita tajiri, kama wanavyomwita kila mwenye chombo.

Lakini kila mwezi, ikija mbalamwezi, kaka alikuwa anaharibika tena.

Kwa asiyeijua kazi hii: dagaa wanavuliwa gizani, wanafuata mwanga wa taa za boti. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, na dagaa hawana sababu ya kuja kwenye taa yako. Basi boti zinafungwa, nyavu zinaanikwa, na wavuvi wanapumzika kama wiki moja hivi mpaka giza lirudi. Wiki hiyo ndiyo wanaoana, wanacheza mpira, wanalala usiku kama watu wengine. Kaka huja kwetu Katubuka, na nyumba inakuwa na watu watatu badala ya mimi na mama tu.

Watu walishakubaliana kwamba mwezi ndio unaompanda. Majirani walisema, wavuvi wenzake walisema, na mama aliamini kuliko wote. Siku za mbalamwezi alikuwa anatundika blanketi kwenye dirisha la chumba cha kaka, eti mwanga usimguse akilala. Kaka anamwambia, "Mama, humu ndani nitaiva kama ndizi." Mama anamjibu, "Iva. Bora uive." Hata mimi niliamini. Nani angebisha? Mwezi ulikuwa unakuja, na kaka anaharibika, kila mara.

Mwezi wa mwisho kabla ya ugunduzi wangu ndipo aliposababisha jambo kubwa. Siku boti zinarudi kazini, wenzake walifika wakakuta taa zote hazipo. Kaka alikuwa amezichukua alfajiri, moja moja, akazifukia mchangani kule wanakoanika dagaa. Alisema taa zinawatajia dagaa jina lake. Walizitafuta kwa kuchimba kwa mikono mpaka jua likazama, na boti haikutoka siku ile. Tajiri alikuja na bajaji kutoka Ujiji, akasimama, akaangalia yale mashimo. Hakupiga kelele. Alisema, "Huyu kijana nampenda, lakini nina watu tisa wanaokula kwa boti hii. Nampa giza hili. Mbalamwezi ijayo akitoka hivi tena, asipande chombo changu."

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimetoka shule nikapitia kumchukulia mama dagaa. Mwanamke mmoja kati ya wauza dagaa wenye ndoo za njano aliniuliza, "Wewe, yule si kaka yako?" Nikasema, "Hapana. Simjui." Nilikuwa na sare, na kila mtu alikuwa anaangalia, na nikasema simjui. Niliporudi nyumbani niliyaandika yote, pamoja na hilo.

Sasa ile Jumamosi nilikuwa natafuta ukurasa huo ili niuchane. Huo ndio ukweli wa ugunduzi wangu, sikuwa natafuta kumsaidia mtu. Kaka alikuwa ameshatulia, yuko Kibirizi anafanya kazi, na mimi nilikuwa sitaki kuishi nyumba moja na ukurasa ule. Nikawa nafungua daftari, na kwa kuwa siwezi kupita maneno yangu bila kuyasoma, nikaanza kusoma.

Nina tabia moja. Siku kaka anapokuja nyumbani naandika "Kaka kaja." Siku anaporudi ziwani naandika "Kaka karudi." Na siku anapoongea peke yake, au anapokataa kula, naweka nukta nyekundu pembeni, kwa sababu sipendi kuyaandika kwa maneno. Nilipozitazama zile nukta nikaona kitu cha ajabu. Hazikuwa pale nilipotegemea. Kama mwezi ndio unaompanda, nukta zingeanza mwezi ukiwa mduara kamili. Lakini siku za mwezi kamili nilikuwa nimeandika mambo kama "Kaka kacheka mpaka kapaliwa," "Kaka kanifundisha kupiga danadana, nimeshindwa." Nukta ya kwanza ilikuwa inakuja siku ya tano au ya sita baada ya "Kaka kaja," mwezi ukiwa umeshaanza kulika. Nikarudi mwezi wa nyuma yake, hivyo hivyo. Wa nyuma yake, hivyo hivyo. Siku ya tano, siku ya sita, siku ya tano.

Nikakaa wima.

Halafu nikaufikia mwezi ambao haukuwa na nukta hata moja. Nikadhani nilisahau. Lakini ningesahauje, hata siku ya kuumwa tumbo nimeandika. Nikatafuta "Kaka kaja," haipo. Mwezi ule kaka hakuja nyumbani. Nilikuwa nimeandika: "Mbalamwezi hii kaka anabaki Kibirizi, tajiri anataka boti izibwe nyufa na kupakwa rangi. Mama kasikitika." Na wiki ilipoisha: "Nimempelekea kaka nguo, mzima, kanitania." Mwezi ulikuwa mkubwa kama kawaida, uliwaka juu ya Kibirizi kama unavyowaka Katubuka, kaka alikuwa analala nje kwenye turubai bila blanketi wala dirisha, na haukumgusa.

Kwa hiyo si mwezi. Ni nyumbani kwetu. Kuna kitu kiko Kibirizi ambacho nyumbani hakipo.

Nilitaka kupiga kelele, ila mimi si mtu wa kupiga kelele, nikauma mto. Kisha nikavaa viatu nikaenda Kibirizi kwa miguu, na sikumbuki njia hata kidogo.

Wavuvi wa boti ile wanapikiwa na mama lishe mmoja mnene, mwenye asili ya ng'ambo ya ziwa, anayemwita kila mtu mwanangu. Anakaa chini ya kibanda cha mabati karibu na soko. Nikamsalimia, "Shikamoo mama," nikaagiza chai. Nikanywa. Nikashindwa kuuliza. Nikaagiza ya pili.

"Mwanangu," akasema, "chai hii hujaifuata wewe. Sema."

"Kaka anakula nini hapa?"

"Anachokula kila mtu. Ugali wa muhogo na mgebuka ukipatikana, dagaa usipopatikana. Kwani anasema namnyima?"

"Hapana mama. Na dawa anameza saa ngapi?"

"Asubuhi. Wakitoka ziwani wanauza, wanakula, namwekea kidonge chake juu ya sahani, anameza, anaenda kulala. Hiyo haijawahi kukosa. Mimi ndiye ninayemtunzia, yeye angezilowesha." Akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka nyuma ya gunia la mkaa, akalifungua.

"Na siku za mbalamwezi?"

"Mbalamwezi mimi nakwenda shambani. Ile ya kupaka rangi boti tu ndiyo nilibaki kuwapikia, nyingine nimpikie nani hapa? Dawa si mnazo nyumbani?"

Nikachungulia ndani ya kopo. Kulikuwa na vidonge vya mwezi ule, na chini yake vipande vya karatasi ngumu zenye vidonge vilivyobaki, vingi, kila kipande kimefungwa kwa mpira.

"Na hivi?"

"Hivyo vinabakia kila mwezi. Nikadhani hospitali wanampenda, wanamzidishia."

Hatukuwa na dawa nyumbani. Hatujawahi kuwa nazo. Mama alikuwa anajua kaka ni mtu mzima, anachukua dawa zake mwenyewe kliniki, anameza. Mama lishe alikuwa anajua nyumbani wamo watu wanaosoma, watakuwa nazo. Na kila mwezi kaka alikuwa anakaa wiki nzima bila kidonge mikononi mwetu, sisi tukihangaika na blanketi.

Kaka alikuwa amelala kwenye turubai kama wavuvi wote mchana. Nikamwamsha. Nilikuwa nahema. Nikamwambia yote, nukta, siku ya tano, mwezi wa kupaka rangi, kopo, nikamwambia haraka haraka mpaka akaweka kidole mdomoni kunionyesha nipunguze, wenzake wamelala.

"Kwa hiyo umekuwa daktari wa madaftari," akasema.

"Kaka, siku za mbalamwezi unameza?"

"Simezi."

Alisema hivyo tu, kama mtu aliyeulizwa kama anavaa koti la mvua wakati wa jua. Hakuwa anaficha. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kwa nini?"

"Ile ni dawa ya kazi. Nikitoka ziwani nameza, nalala. Mbalamwezi hakuna kazi. Nyavu zinapumzika, boti inapumzika, mimi napumzika, na dawa inapumzika. Sasa nimeze asubuhi nilale mchana kutwa, wenzangu wako mpirani? Hiyo ndiyo wiki yangu ya kuwaona watu kwenye jua."

Nikakaa chini kando yake. Kwa sababu, jamani, ilikuwa na akili. Angekuwa mkulima au karani asingewaza hivyo. Mvuvi, ambaye kila kitu chake kina wiki ya kuanikwa, angewaza vipi vingine?

Jumatano ya kliniki tulikwenda wote wawili, nikaomba ruhusa shuleni. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kaka akamweleza vile vile alivyonieleza mimi, pamoja na habari ya nukta za madaftarini. Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Ulipumzisha dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Na ugonjwa ulipumzika?"

Kaka akanitazama, akacheka kidogo. "Huo nadhani haukupata taarifa."

Muuguzi naye akacheka, na nikaona kaka ameshusha mabega. Akamuuliza analala saa ngapi siku za kazi, saa ngapi siku za mapumziko, mikono ikoje, kiu ikoje. Akamwita daktari wakajadiliana. Wakakubaliana kwamba kidonge kifuate usingizi wake: akiwa ziwani, asubuhi kabla ya kulala, akiwa nyumbani, jioni baada ya chakula. Namna ya kuhamisha saa siku ya kwanza na siku ya kurudi wakamwandikia nyuma ya kadi, na muuguzi akamwonya asibuni hesabu yake mwenyewe. "Saa zinaweza kuhama, tukipanga pamoja. Kuruka ndiko kunakokuangusha. Na sikudanganyi, unaweza kumeza vizuri na siku moja ukaumwa bado. Ukianza kukosa usingizi siku mbili, usisubiri, njoo."

Kisha akanigeukia mimi. "Hizo nukta nani kaziweka?"

Nikanyoosha mkono. Daktari alishaondoka, tulikuwa watatu tu, na mimi nikanyoosha mkono kama niko darasani. Kaka alinitania kwa hilo njia nzima.

Ikaja mbalamwezi. Mwezi wenyewe ulikuwa na haya, ukajificha siku mbili nyuma ya mawingu, mimi nausubiri kama mtihani. "Kaka kaja," niliandika. Alikuja na begi, na ndani ya begi pakiti ya dawa iliyofungwa kwenye nailoni. Mama alikuwa ameshaelezwa, na alisema amekubali, ila nilipoingia chumbani kwa kaka nikakuta blanketi dirishani.

"Mama, si umekubali?"

"Nimekubali. Hilo ni la tahadhari."

Jioni ya kwanza kaka alimeza mbele yetu, akatoa ulimi kama mtoto, akasema, "Nimefaulu?" Jioni ya pili hakutoa ulimi. Mimi nilikuwa nalala na kuamka na hesabu moja: siku ya tano, siku ya sita. Nikivuka hapo. Nikimvusha hapo.

Siku ya tatu kulikuwa na mpira. Mbalamwezi zote wavuvi wa boti mbalimbali wanacheza pale Kibirizi mchangani, boti kwa boti, na kaka ni golikipa wa boti yake. Nilikwenda na mama. Nilikuwa na furaha mpaka ilipofika dakika ya kumi, maana nilianza kuona. Miguu yake ilikuwa mizito. Mpira ulikuwa unapita, ndipo anaruka. Wakamfunga la kwanza, wakamfunga la pili, na la pili lilikuwa la kizembe kabisa. Mmoja wa wapinzani akapaza sauti, "Golikipa, mpira si dagaa, usiusubiri uje wenyewe kwenye taa." Watu wakaanguka kwa kucheka. Wa boti yake mwenyewe walicheka. Hata mama alicheka, akaziba mdomo na khanga.

Jioni ile alikula, akanawa mikono, akasema, "Leo simezi."

Mama aliacha kutoa vyombo. "Baba, usifanye hivyo."

"Wiki moja, mama. Wiki moja tu ndiyo nakuwa mtu kati ya watu, na hiyo hiyo mnataka niwe gogo. Mmeniona leo. Mmecheka."

Mama akaanza kumtajia tajiri, kazi, mashimo ya mchangani, na nikaona uso wa kaka unafunga. Nilijua mama akiendelea hivyo tutampoteza jioni hiyo hiyo. Maneno yangu yako madaftarini. Nikaenda nikainua godoro, nikaleta daftari. Ule ukurasa sikuwa nimeuchana. Ugunduzi ulinisahaulisha kuuchana.

Nikakaa mbele yake nikasoma. Nilisoma jinsi alivyokuwa anazunguka mchangani bila shati, anawaambia wanawake wasikanyage pale, taa zimelala. Nilisoma jinsi wenzake walivyokuwa wanachimba. Nilisoma kwamba macho yake yalipita juu yangu kama vile mimi ni ndoo. Yeye siku ile haikumbuki vizuri, alikuwa amesimuliwa kwa vipande, na waliomsimulia walifanya utani. Halafu nikafika pale pangu. Ningeweza kuruka mstari ule, asingejua. Nikasoma. "Akaniuliza yule si kaka yako. Nikasema hapana, simjui."

Mama akasema, "Yesu wangu," polepole.

Kaka akainua macho. "Ulisema hunijui."

"Nilisema."

"Mbele ya nani?"

"Wale wauza dagaa wenye ndoo za njano."

"Wale?" Akafikiri. "Wale wangekutangaza mpaka Ujiji. Hata mimi siku ile ningeulizwa kama najijua, ningekataa."

Nilikuwa nalia sasa, kwa aibu na kwa kucheka vikichanganyika. Akanyoosha mkono akachukua daftari, akaangalia zile nukta nyekundu, akazigusa moja moja kwa kidole.

"Hizi zote ni mimi?"

"Ndiyo."

"Nilidhani ni kama mbili tatu hivi." Akarudisha daftari. "Mama, niletee maji. Na mpira mbalamwezi ijayo nacheza beki, beki unaweza kusimama tu."

Nikimkumbuka jioni ile, kinachonishangaza ni kwamba hakuna kilichokuwa chepesi kwake. Miguu ilibaki mizito. Waliomcheka walikuwa bado wanamsubiri barazani kesho yake wamtanie. Alimeza akijua hivyo.

Siku ya nne. Siku ya tano. Mimi na mama tulikuwa tunamtazama akila, akivaa viatu, akipiga mswaki. Siku ya tano mchana akasema, "Mnanitazama kama sufuria ya maziwa. Sichemki. Angalieni na mambo yenu."

Siku ya sita asubuhi niliamka nikasikia anaongea nyuma ya nyumba. Peke yake. Sauti ya chini, yenye hasira, "Nimekuona. Unadhani sikukuona? Nimekuona tangu jana." Nilikimbia bila viatu, nikazunguka kona, nikamkuta kaka amechuchumaa na bakuli mkononi, anamgombeza kuku wa jirani aliyekuwa na dagaa wetu mdomoni.

"Nini?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Ulidhani nini?"

"Hakuna, kaka."

Akanitazama miguu, akaona niko peku, akaelewa. Hakukasirika. Akasema, "Huyu kuku ni kweli yupo, lakini? Nithibitishie." Nikathibitisha. Tulicheka mpaka mama akatoka na mwiko kutaka kujua.

Siku ya saba hakuna nukta. Siku ya nane hakuna nukta. Niliandika kwa herufi kubwa, nikazungushia mstari, mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Jioni nilimwona mama ameketi kitandani kwake na lile blanketi mapajani, analikunja.

Siku boti zinarudi kazini nilitoka shule nikaenda moja kwa moja Kibirizi, na mama akaja kutoka nyumbani. Pwani ilikuwa imechangamka, wabeba mizigo wanapita na mafuta, injini zinajaribiwa, nyavu zinapakiwa. Mama lishe alikuwa amerudi kutoka shamba na alikuwa anapika. Tajiri alifika mapema. Akasimama mbele ya kaka, mwanamke mfupi, akamtazama usoni kama anavyotazama dagaa kabla ya kununua.

"Shikamoo tajiri."

"Marahaba. Mwezi umekuonaje?"

"Umenikuta nimelala."

"Unalala vizuri?"

"Nalala vizuri. Ila miguu mizito. Mpira tumefungwa."

"Nimesikia. Ujiji nzima imesikia." Hakutabasamu. "Dawa nani anayo?"

Kaka akatoa ile nailoni mfukoni. "Ninayo mimi. Nyingine anayo mama lishe. Nikienda nyumbani, naenda nazo. Na kliniki nikiona usingizi unakata, nakwenda, nakuaga kwanza."

Tajiri akaitazama ile nailoni. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, kucha zangu zote ziko mdomoni. Nilitaka kusema kitu, nimwambie kuhusu nukta, kuhusu kila kitu, lakini nikaona kaka hanihitaji. Alikuwa amesimama vizuri mwenyewe.

"Siahidi ya mwakani," tajiri akasema. "Nasema ya leo. Panda."

Akapanda. Wenzake wakampokea kwa ngumi za mabegani, mmoja akamwita gogo, mwingine akamwita beki, akamjibu kila mmoja kwa jina lake la matusi. Boti ikasukumwa. Ilikuwa imeshafika mbali kidogo, injini inanguruma, ndipo mama akakumbuka kitu. Akaingia majini mpaka magotini, khanga ikaelea, akaita kwa sauti ambayo soko zima liligeuka.

"Baba, umemeza?"

Nilitamani ardhi inimeze mimi. Mbele ya watu wote, mama. Nilimtazama kaka kwa hofu, nikidhani atainamisha kichwa. Alikuwa ameshafungua mdomo kujibu, lakini wenzake walimtangulia, wote kwa pamoja, kama waliojiandaa.

"Kesho asubuhi, mama. Kabla ya kulala."

Na kaka akacheka, akatupungia mkono, akarudi kwenye nyavu zake.